Marufuku ya Kutotoka Nje: Lugha ya Amri na Lugha ya Haki Wakati wa Janga

1. Utangulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuzihakiki riwaya, tamthilia na diwani. Ni nadra kumwona mhakiki akikaa chini kuihakiki amri ya serikali, ilani iliyobandikwa ukutani mwa zahanati, au taarifa ya habari ya saa moja jioni. Hata hivyo, hayo nayo ni matini. Yana msemaji na msikilizaji, yana mtindo wake na dhamira yake, na aghalabu huwafikia watu wengi kuliko kitabu chochote kinachofundishwa katika idara zetu. Kati ya mwezi Machi 2020 na Oktoba 2021 Wakenya waliishi ndani ya matini ya namna hiyo. Walilala na kuamka kwa saa zilizowekwa na matini hayo, na baadhi yao waliumizwa au kuuawa kwa jina lake.

Makala haya yanakusudia kukihakiki Kiswahili kilichotumika katika kuwatawala watu wakati wa janga la korona, hasa nchini Kenya, pamoja na kudokeza yaliyotokea kwa majirani zetu. Dai letu ni moja, nalo ni hili: amri iliufikia umma kwa Kiswahili, ilhali haki ilibaki katika Kiingereza, na hata pale haki ilipotajwa kwa Kiswahili, ilitajwa kwa sarufi iliyomficha mtendaji. Hatudai kwamba lugha ndiyo iliyopiga watu rungu. Tunadai kwamba lugha ilimrahisishia mwenye rungu, na kwamba sisi tulio walimu wa lugha hiyo tulikuwa na sehemu yetu katika jambo hilo.

2. Kosa la sarufi na kosa la sheria

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Machi, amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza kutekelezwa. Umma uliiita kafyu, neno ambalo wazee wetu walilijua tangu enzi ya mkoloni. Lakini watangazaji na waandishi wa magazeti, kwa kutaka Kiswahili kilichosanifiwa zaidi, wakatuletea maneno haya: "marufuku ya kutotoka nje".

Tuyatazame maneno hayo kwa makini. Marufuku ni katazo. Kutotoka ni kubaki ndani. Kwa hiyo kilichokatazwa na maneno hayo ni kubaki ndani! Kwa mujibu wa sarufi, aliyejifungia nyumbani mwake saa mbili usiku alikuwa amevunja sheria, na aliyezurura barabarani alikuwa raia mtiifu. Ilipasa kusemwa "amri ya kutotoka nje" au "marufuku ya kutoka nje". Kosa hili lilirudiwa kila siku kwa muda wa miezi karibu kumi na tisa, na ni wachache tu waliolikemea. Tulisikiliza, tukaelewa kilichokusudiwa, tukanyamaza.

Huenda msomaji akasema kwamba hili ni jambo dogo la kumfurahisha mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Si hivyo. Umma uliweza kuyaelewa maneno yasiyo na maana kwa sababu haukuhitaji kuyasoma. Maana ilikuwa imekwisha kuonyeshwa kwa vitendo. Siku ileile ya kwanza, kabla hata ya saa ya amri kuingia, polisi waliwapiga na kuwarushia moshi wa kutoa machozi watu waliokuwa wakingoja feri ya Likoni, Mombasa, wakirudi makwao kutoka kazini. Amri inapofasiriwa kwa rungu, sarufi yake haina kazi tena.

Kosa la sarufi lilikwenda sambamba na utata wa kisheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 58, inaeleza namna ya kutangaza hali ya hatari: tangazo hudumu siku 14 tu, na haliwezi kuendelezwa ila kwa kura ya Bunge. Serikali haikuifuata njia hiyo. Iliitumia Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, ambayo asili yake ni mwaka 1950, miaka miwili tu kabla ya mkoloni kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kwa hiyo tulikuwa na mambo yenye sura ya hali ya hatari pasipo jina lake, na pasipo kinga zinazofuatana na jina hilo. Kwa sadfa ya kalenda, amri hii ya juzi iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, sikukuu ambayo mizizi yake imo katika tarehe ile ya 1952. Neno "hali ya hatari" linaposikiwa na mzee wa Murang'a au Nyeri, linabeba kumbukumbu ya vizuizi, kipande na kambi. Yamkini ndiyo sababu halikutamkwa. Lakini kuacha kulitaja jina la jambo si kuliondoa jambo lenyewe. Ni kuwanyima watu neno la kulishikia.

Wala si mara ya kwanza kwa maradhi na amri kushikana mikono katika nchi hii. Tauni ilipoingia Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto mwaka 1902, na hofu ya maradhi ikawa mojawapo ya hoja za kuwatenga wakazi wa mji kwa rangi zao. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo kanuni za barakoa za 2020 zilitungwa chini yake, ni ya mwaka 1921.

3. Mtendaji aliyefichwa

Sasa tuugeukie muundo wa sentensi. Anayezisoma ilani za wakati ule atazikuta kauli mbili zikitawala. Ya kwanza ni kauli ya kuamuru, ambayo hutaja kwa uwazi anayetakiwa kutenda: vaa barakoa, nawa mikono, kaa nyumbani. Ya pili ni kauli ya kutendwa, ambayo hutumika kila serikali inapojizungumzia yenyewe: watakaokaidi watachukuliwa hatua kali. Watachukuliwa na nani? Hatua gani? Kwa sheria ipi? Kiswahili kina kiungo "na" cha kumtaja mtendaji katika kauli ya kutendwa, na kiungo hicho ni chepesi kama unyoya. Hata hivyo kiliachwa. Mwananchi alikuwa na uso na jina katika kila sentensi iliyomwamuru; serikali haikuwa na uso katika sentensi yoyote iliyoadhibu.

Kisha kuna kauli ya kutendeka, ambayo ni hatari zaidi, maana hiyo haimwachii mtendaji hata nafasi ya kufichwa. Tuchukue kitenzi "fyatua". Askari akifyatua risasi, kuna askari, kuna kitendo na kuna risasi. Risasi ikifyatuka, askari ametoweka. Tarehe 30 Machi 2020, siku tatu baada ya amri kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa katika roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi, akafa. Ilisemwa kwamba aliuawa na "risasi iliyopotea". Tazama jinsi risasi inavyopewa uhai na hiari: ilikuwa na safari yake, ikapotea njia, ikamkuta mtoto. Baadaye mwaka huohuo afisa mmoja wa polisi alishtakiwa kwa mauaji ya mtoto huyo, na ndipo sentensi ilipopata kiima. Nasi tusisahau kwamba mtoto yule hakuwa ametoka nje. Alikuwa kwao. Aliitii amri kwa maana yake ya kweli, na akafa kana kwamba ameivunja.

Neno jingine la kuhakikiwa ni "nguvu kupita kiasi". Tarehe 1 Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa yale yaliyotendwa na polisi, na vyombo vya habari vikalitumia neno hilo kwa wingi. Lakini kiasi ni nini? Kinachopita kiasi kinakiri kwamba kiko kiasi kinachofaa, kama chumvi katika mchuzi. Sheria, ni kweli, humruhusu polisi kutumia nguvu pale tu inapokuwa ya lazima. Basi ilitupasa kusema "nguvu isiyo ya lazima" au, kwa uwazi zaidi, "kupigwa bila sababu". Mama aliyepigwa akingoja feri hakupigwa kupita kiasi. Hakustahili kupigwa hata kiboko kimoja.

Wanasheria walilitambua jambo hili mapema. Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 16 Aprili 2020 Jaji Weldon Korir akatoa hukumu. Aliiona amri yenyewe kuwa halali kwa ajili ya kuzuia maradhi, lakini akatamka kwamba kutumia nguvu isiyofaa katika kuitekeleza ni kinyume cha Katiba, na akaagiza polisi watoe mwongozo wa utekelezaji. Hukumu hiyo ni mfano mwema wa kupambanua: haikuwalazimisha watu wachague kati ya afya na haki. Hata hivyo, kufikia mwezi Juni mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi ilisema kwamba ilikuwa imepokea malalamiko 87, yakiwamo ya vifo 15, tangu amri kuanza.

Ajabu ni kwamba hukumu hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Amri yenyewe katika gazeti rasmi la serikali ilikuwa kwa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawasawa na Kiingereza. Lakini katika kipindi chote kile, kilichomfikia mchuuzi wa Likoni kwa Kiswahili kilikuwa "rudi nyumbani". Kilichomlinda mchuuzi huyo kiliandikwa kwa lugha asiyoweza kuisoma. Haki isiyojulikana na mwenyewe haina tofauti kubwa na mali iliyozikwa.

4. Nyumba, umbali na karantini

Wito uliosikika zaidi kuliko yote ulikuwa "kaa nyumbani". Sentensi hii fupi imejengwa juu ya dhana isiyotamkwa: kwamba kila anayeambiwa anayo nyumba, na kwamba nyumba hiyo ina chakula cha kumtosha asipotoka. Mwanzoni mwa Mei 2020, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi, Nairobi, juu ya kuwapo amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji. Wakazi wakaachwa mvuani, usiku wenye amri ya kutotoka nje, katika nchi iliyowaambia wakae nyumbani. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kuutunga mgongano wa namna hiyo. Wahakiki wangemwambia kwamba ametia chumvi.

Halikadhalika "umbali wa kijamii". Haya ni maneno yaliyofasiriwa neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni, nayo hayasemi yaliyokusudiwa. Kilichotakiwa ni umbali wa mwili na mwili, hatua mbili hivi. Umbali wa kijamii ni jambo jingine kabisa, nalo tulikuwa nalo tangu zamani: ni ule ulioko kati ya Muthaiga na Mathare, mitaa miwili inayopakana. Kwa bahati mbaya tafsiri hii mbovu ikawa kweli. Mtu mwenye chumba kimoja kwa watu saba hakuweza kuupata umbali wa mwili, lakini umbali wa kijamii ulimfuata hadi kituo cha polisi. Kanuni za Aprili 2020 ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, kwa baadhi ya makosa, likiwamo la kutovaa barakoa mahali pa umma. Kwa tajiri, hiyo ni gharama ya chakula cha jioni. Kwa kibarua, ni mshahara wa mwezi mzima na zaidi.

Barakoa nayo ina historia yake. Katika pwani yetu na Unguja, barakoa lilikuwa vazi la uso la mabibi wa Kiarabu, alama ya heshima na daraja. Neno limechukuliwa likapewa kazi mpya, na hapa hatuna lawama. Hivi ndivyo lugha hai inavyojitajirisha. Lawama yetu iko katika neno "karantini". Maana yake ya kitabibu ni kumtenga mtu anayeshukiwa kuwa na maradhi mpaka ijulikane kwamba ni mzima. Lakini mwezi Aprili ilitangazwa kwamba wanaovunja amri ya usiku nao wangewekwa karantini, na watu waliotengwa katika vituo walidaiwa gharama za kukaa humo kabla serikali haijakubali kuzibeba. Neno la tiba likageuzwa kuwa neno la adhabu. Matokeo yake yanaweza kukisiwa na yeyote anayewajua watu: aliyekohoa alijificha, maana alijua kwamba kuugua na kukosa vilikuwa vimekwisha kuwa kitu kimoja katika lugha ya wakubwa. Hapa ndipo tunapoona kwamba kuzilinda haki si anasa inayopunguza nguvu za kupambana na maradhi. Watu hujitokeza kwa daktari wasiyemwogopa.

5. Kimya nacho ni lugha

Tungekosea kama tungedhani kwamba amri nyingi ndiyo hatari pekee. Tanzania, nchi ambayo tunaitazama kwa heshima katika mambo ya Kiswahili, ilituonyesha hatari ya upande wa pili. Watu hawakufungiwa ndani. Maneno ndiyo yaliyofungiwa. Mwanzoni mwa Mei 2020 serikali ya Rais John Magufuli iliacha kutoa takwimu za wagonjwa, na mwezi Julai kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zikakataza kuchapisha habari za mlipuko wa maradhi ya kuambukiza bila idhini ya mamlaka zinazohusika. Pakazuka Kiswahili cha kuzunguka jambo. Watu hawakufa kwa korona. Walifariki kwa "changamoto ya upumuaji". Chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilipotangaza waziwazi kwamba kiongozi wake alikuwa ameambukizwa, tangazo hilo lilishtua kwa sababu lilitumia neno lenyewe. Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021. Baada ya mabadiliko ya uongozi mwezi Machi mwaka huo, neno likafunguliwa: istilahi ya UVIKO-19 ikaenea katika taarifa rasmi, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani mwezi Julai. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema ni nani hasa aumbukaye pale mfichaji anapokuwa dola na maiti anapokuwa raia.

Uganda ilitupa sura ya tatu. Huko kanuni za afya zilikuwa kipimo cha nani aruhusiwe kuomba kura. Mwezi Novemba 2020, mgombea wa upinzani Robert Kyagulanyi, maarufu kwa jina la Bobi Wine, alikamatwa kwa tuhuma za kuvunja kanuni za mikutano, na katika ghasia zilizofuata serikali yenyewe ilikiri kwamba watu zaidi ya 50 waliuawa. Kanuni iliyotungwa kuokoa maisha ilikuwa sababu ya vifo vingi ndani ya siku mbili. Burundi, kwa upande wake, iliwafukuza wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani siku chache kabla ya uchaguzi wake wa Mei 2020. Nchi hizi zinatofautiana katika mengi, lakini zote zinatufundisha kwamba maradhi yakitawaliwa kwa hofu au kwa kimya, anayepoteza kwanza ni mpiga kura.

6. Pingamizi, na ungamo

Wapo watakaotupinga. Watasema kwamba nyumba inapoungua, mtu hasimami kusahihisha sarufi ya anayepiga kelele za moto. Pingamizi hili lina uzito. Serikali zilikabili maradhi mapya, hospitali zilikuwa chache, na kuchelewa kungeua. Wala hatusemi kwamba amri zote zilikuwa mbaya. Mahakama yenyewe haikusema hivyo. Lakini moto huzimwa kwa siku moja, na amri hii ilidumu karibu miezi kumi na tisa. Muda huo ulitosha kusahihisha sentensi moja. Ulitosha pia kuifasiri hukumu ile na kuisoma redioni.

Hapa mwandishi hana budi kuungama. Mwezi Aprili 2020 aliombwa na ofisi moja ya serikali afasiri kijikaratasi cha kubandikwa sokoni. Alikifasiri kwa usiku mmoja. Sentensi zake zote za Kiswahili zilikuwa amri, na ile ya kutisha aliipamba kwa "hatua kali za kisheria". Nakala ya Kiingereza ilikuwa na mstari wa mwisho, uliosema kwamba mwenye malalamiko dhidi ya afisa yeyote aweza kuyapeleka mahali fulani. Aliambiwa kwamba nafasi haitoshi, akaukata. Hakuna aliyemlazimisha. Katika chuo cha ng'ambo alikosomea shahada ya pili alifundishwa kuichanganua sentensi kwa matawi na mishale, na kuitaja kila nafasi iliyo tupu kwa jina lake la kitaalamu. Usiku ule alisahau kujiuliza ni nani hasa aliyekuwa akiondolewa katika nafasi ile.

7. Tamati

Maradhi mengine yatakuja. Yajapo, amri zitakuja pamoja nayo, na zitahitaji kufasiriwa. Mambo matatu yamo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, idara zetu ziandae mapema istilahi za dharura, si za tiba pekee bali na za haki: jinsi ya kusema kwa Kiswahili rahisi kwamba mtu hawezi kuteswa hata wakati wa janga, kama Ibara ya 25 ya Katiba isemavyo. Pili, hukumu zinazogusa maisha ya umma zifasiriwe, na wanafunzi wetu wa shahada wapewe kazi hiyo badala ya kuhakiki kwa mara ya ishirini riwaya zilezile. Tatu, mfasiri akatae kumficha mtendaji. Palipo na "watachukuliwa hatua", aulize "na nani?", na jibu aliandike.

Mtoto wa Kiamaiko hatarudishwa na sarufi. Lakini sentensi inayosema kwamba alipigwa risasi na mtu, wala si na risasi yenyewe, ni kidogo tulichoweza kumpa kwa lugha yetu, nasi tulichelewa kumpa.